UNO: karte zilizotoka katika ubishi wa baba na mtoto wake

Mchezo wa karte unaoitwa UNO unachezwa leo katika inchi nyingi za dunia, na watoto wengi wanaujua mbele hata ya kujua kusoma. Wengi wanafikiri ulitungwa na kampuni kubwa yenye mafundi na feza nyingi. Sivyo. Ulianza mwaka wa 1971 katika mji mdogo wa Reading, karibu na Cincinnati, jimbo la Ohio, huko Marekani. Aliyeutunga alikuwa kinyozi, jina lake Merle Robbins. Na kilichomsukuma ni ubishi wa nyumbani.

Merle na mtoto wake Ray, ambaye alikuwa mwalimu, walibishana juu ya sheria za mchezo wa zamani wa karte 52, unaoitwa Crazy Eights. Wasemaji wa Kifaransa wanauita 8 américain. Msingi wake ni mwepesi: unatupa karte inayofanana na ile ya juu kwa namba ao kwa alama, yaani pique, cœur, carreau ao trèfle. Kama huna, unaokota. Anayemaliza karte za mkononi ndiye mshindi.

Ugumu unaanza pale karte fulani zinapopewa amri. Namba 8, katika mchezo huo, inageuza alama: anayeitupa anachagua alama itakayofuata. Lakini kila mahali watu waliongeza amri zao. Nchini Kenya, ambako mchezo wa ukoo huo unaitwa Kadi, namba 8 ni swali, na aliyeitupa lazima aongeze jibu lake. Nchini Uganda, ambako unaitwa Matatu, namba 8 inamruka mchezaji anayefuata, na karte ya as ndiyo inageuza alama. Basi mtoto aliyejifunza karte katika kambi ya wakimbizi huko Uganda, na mwenzake aliyejifunzia Goma, wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja, 8 ikaanguka, na kila mmoja akaona mwenzake anaiba. Hakuna anayeiba. Ni kwamba amri haikuandikwa kwenye karte. Iko katika kichwa cha kila mtu, na vichwa havifanani.

Kazi ya Robbins ilikuwa kuitoa amri kichwani na kuiweka kwenye karte yenyewe, mbele ya macho ya wote. Alama nne za zamani akazibadilisha kwa rangi nne: nyekundu, manjano, kijani na bulu. Jina UNO maana yake ni moja, kwa Kispanyola na Kiitaliano, kwa sababu mchezaji anayebakia na karte moja lazima alitamke.

Familia haikuwa tajiri. Ilikusanya dola 8.000 na kutengenezesha paketi 5.000. Robbins aliziuza kwanza katika kinyozi chake, kisha maduka ya karibu yakazichukua. Mwaka wa 1972 aliuza haki ya mchezo kwa kikundi cha watu wa Joliet, jimbo la Illinois, kilichoongozwa na Robert Tezak, mtu aliyekuwa na kazi ya mazishi. Bei ilikuwa dola 50.000, pamoja na senti 10 kwa kila paketi itakayouzwa. Robbins alikufa mwaka wa 1984. Mwaka wa 1992 kampuni Mattel ilinunua kampuni ya Tezak, na tangu hapo mchezo uko mikononi mwake.

Kwa muda mrefu paketi ya kawaida ilikuwa na karte 108. Kila rangi ina 25: sifuri moja, namba 1 mpaka 9 mara mbili mbili, na karte sita za amri. Zinazobakia nane ni nyeusi, hazina rangi. Kila mchezaji anagawiwa karte 7. Amri ni hizi:

Ruka: mchezaji anayefuata anapoteza zamu yake.

Geuza: mchezo unarudi upande uliotoka. Wakiwa wachezaji wawili tu, karte hii inafanya kazi ya Ruka.

Okota mbili: anayefuata anachukua karte mbili na kupoteza zamu.

Chagua rangi: karte nyeusi, aliyeitupa anataja rangi.

Okota ine: karte nyeusi pia, aliyeitupa anataja rangi, na anayefuata anachukua karte ine na kupoteza zamu.

Hii ya mwisho ndiyo inapima ukweli wa mtu. Sheria inakataza kuitupa kama bado unashika karte ya rangi iliyo juu. Kwa kuwa mkono wa mtu hauonekani, anayefuata ana haki ya kushitaki. Mshitakiwa anamwonyesha karte zake. Kama alidanganya, yeye mwenyewe anaokota ine. Kama alisema kweli, aliyemshitaki anaokota sita. Kushitaki bure kunaumiza kuliko kuvumilia.

Anayesahau kusema UNO na kukamatwa anaokota mbili. Mtu akimaliza, karte zilizobakia mikononi mwa wengine zinahesabiwa kwa faida yake: namba kwa thamani yake, za amri zenye rangi 20, nyeusi 50. Wa kwanza kufika 500 ameshinda.

Je, kuandika amri kwenye karte kulimaliza ubishi? Hapana. Katika nyumba nyingi, aliyetupiwa Okota mbili anaongeza yake juu, na anayefuata anaokota ine. Mwaka wa 2019, Mattel ilitangaza wazi kwamba sheria hairuhusu hivyo. Watu walicheka, na wengi wakaendelea kucheza jinsi walivyozoea. Karte inaweza kusema nini kinatokea. Haiwezi kuwalazimisha wanaokaa pamoja kukubaliana.

Jambo hilo lina faida kwa familia iliyokimbia na kuacha vitu nyuma. Kwa kuwa UNO ilitoka katika karte za kawaida, inaweza pia kurudi huko. Paketi ya karte 52 na joker mbili inatosha wachezaji wawili mpaka watano. Wanaweza kupatana hivi: 8 inageuza alama, 2 inaokotesha mbili, valet inaruka, as inageuza upande, joker inaokotesha ine. Asiye na paketi hata moja anaweza kukata vipande sawasawa vya karto na kuvichora kwa kalamu za rangi. Upande wa nyuma ubaki mtupu, usiwe na maandishi yatakayoitambulisha karte. Kwa mtoto asiyetofautisha rangi vizuri, kila rangi ipewe pia alama ndogo. Mattel yenyewe ilitoa paketi ya namna hiyo mwaka wa 2017.

Na mbele ya kugawa, maulizo matatu yaulizwe kwa sauti, wakubwa na watoto wakisikia. Je, karte ya kuokotesha inaweza kuongezwa juu ya nyingine? Aliyeokota karte inayofaa anaweza kuitupa palepale, ao anangoja zamu ijayo? Na mtu anaweza kumaliza kwa karte ya amri? Sheria ya paketi inajibu hivi: la kwanza hapana, la pili ndiyo, la tatu ndiyo. Lakini jibu lolote ni zuri, kama limetolewa mbele ya mtu yeyote kuona karte zake. Baada ya hapo, kila mtu atatafuta sheria inayousaidia mkono wake.