Gesi Imekwisha, au Imevuja? Historia ya Hitilafu Moja ya Jokofu na Jina Lake

Wanaoshughulika na istilahi za ufundi wamezoea kuanza na majina ya vitu. Orodha nyingi zina majina ya sehemu za mitambo: mota, swichi, pampu, waya, bomba. Majina ya hitilafu za mitambo hiyo ni haba, na aghalabu hayamo kabisa. Yameachiwa mafundi na wenye vyombo wayaseme watakavyo. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya hitilafu moja tu ya chombo cha nyumbani, nayo ni ya jokofu linalonguruma usiku na mchana lakini haligandishi. Tumeichagua kwa sababu lugha yetu imekwisha kuipa jina ambalo kila mtu mjini analijua: "gesi imekwisha". Ni maoni yetu kwamba jina hilo linapotosha, na kwamba upotofu wake unawagharimu watu fedha, na mara nyingine usalama wao.

Yafaa kwanza tuikumbuke kanuni yenyewe. Haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Maji ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu mtungi hutoka jasho. Maji machache hupenya katika vitundu vya udongo na kugeuka mvuke, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Jokofu hufanya kazi hiyo hiyo, ila jasho lake halipotei hewani. Jacob Perkins, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alipata hataza ya mtambo wa namna hiyo mwaka 1834. Kimiminika hugeuka mvuke katika mabomba yaliyo ndani ya kabati na kuchukua joto la vyakula. Kompresa huuvuta mvuke huo na kuukandamiza. Mabomba ya nyuma hulitoa joto nje, na mvuke ukarudi kuwa kimiminika. Kisha kimiminika hupita katika mrija mwembamba na kuingia tena ndani. Mzunguko huo umefungwa. Kinacholiwa ni umeme peke yake. Gesi haichomwi, hailiwi, wala haipungui kwa kutumika. Ikiwa imepungua, basi imetokea mahali fulani, na mahali hapo pana tundu.

Watu wa miaka ya 1920 hawakuwa na shida ya kulijua jambo hili, kwa kuwa pua ziliwaambia. Majokofu ya nyumbani ya wakati ule yalitumia salfa dioksidi, na mitambo mikubwa ya barafu ilitumia amonia. Gesi hizo zina harufu kali inayokereketa koo na kutoa machozi. Tena katika majokofu mengi ya mwanzo mota ilikuwa nje ya kompresa na kuizungusha kwa mkanda. Pale mhimili ulipoingia katika kompresa paliwekwa kizuizi, na kizuizi hicho kilichakaa na kuvujisha. Ndiyo sababu jokofu ambalo kampuni ya General Electric ililitoa mwaka 1927 lilikuwa na mota na kompresa pamoja ndani ya chuma kilichofungwa kabisa. Ndiyo sababu pia Albert Einstein na Leo Szilard, wakiwa Berlin, walitumia miaka kadhaa kubuni jokofu lisilo na sehemu zinazozunguka. Inasimuliwa kwamba walisukumwa na habari ya gazeti kuhusu jamaa nzima iliyokufa usingizini kwa gesi ya jokofu. Walipata hataza ya Marekani mwaka 1930, lakini jokofu lao halikufika sokoni.

Gesi ya hatari zaidi ilikuwa ile ambayo haikunuka vya kutosha. Methili kloridi ina harufu hafifu tu, na katika miaka ya 1928 na 1929 ilisababisha vifo katika nyumba za Chicago. Wakati huo huo Thomas Midgley na wenzake walikuwa wakitafuta gesi isiyodhuru. Walichagua mchanganyiko wa kaboni, klorini na florini. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya mkutano wa wanakemia wa Marekani, akavuta pumzi ya gesi hiyo, kisha akaipuliza juu ya mshumaa unaowaka, nao ukazimika. Kwa tendo hilo moja alionyesha kwamba gesi yake haikuwa sumu kama zile za zamani, na kwamba haikuwaka moto.

Lakini pamoja na hatari, dalili nayo iliondoka. Gesi mpya haikuwa na harufu wala rangi. Ilipovuja, ilivuja kimya. Mwenye nyumba hakukohoa wala hakutokwa na machozi; aliona tu kwamba siku hizi barafu haigandi, na baadaye kwamba maziwa yamechacha. Hapo ndipo hitilafu iliyokuwa wazi ilipogeuka kuwa fumbo. Fundi alihitaji jicho jipya mahali pa pua, akalipata katika ugunduzi wa zamani. Mwaka 1872 mwanakemia Friedrich Beilstein alikuwa ameonyesha kwamba shaba iliyopashwa moto pamoja na kitu chenye klorini huugeuza mwali kuwa wa kijani. Mafundi wakatengeneza taa yenye kipande cha shaba na mpira mrefu wa kunusia hewa. Walipoupitisha mpira kando ya viungo vya mabomba, mwali wa buluu uligeuka kijani palipokuwa na tundu. Asiyekuwa na taa alipaka povu la sabuni na kungojea mapovu yatokeze.

Katika Afrika Mashariki jokofu lilikuwa na sura nyingine. Mbali na miji michache, umeme haukuwapo, na chombo kilichofika katika misheni, zahanati na maduka ya bara kilikuwa jokofu la mafuta ya taa. Mtambo huo ulibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters. Hauna kompresa. Moto wa taa huichemsha amonia iliyo ndani ya maji, na amonia huzunguka yenyewe. Hitilafu zake ziliwashangaza wengi. Jokofu lenye moto mzuri liliacha kupoza kwa sababu tu liliwekwa juu ya sakafu isiyo sawa, ambayo ilizuia kimiminika kuteremka. Na wako waliojifunza kwamba jokofu lililokuwa limekufa huweza kufufuka likipinduliwa miguu juu kwa saa kadhaa, kisha likasimamishwa tena na kuachwa litulie. Halikuwa jambo la uganga. Vimiminika vilivyokuwa vimetengana na kukwama vilichanganyika upya na kurudi katika njia zao.

Katika jokofu la namna hiyo, kusema "mafuta yamekwisha" kulikuwa sahihi kabisa. Mafuta huungua, hupungua, hujazwa tena. Vivyo hivyo gesi ya kupikia: mtungi huwa mzito unaponunuliwa na mwepesi unaporudishwa. Hatuna haja ya kutafuta mbali ili kueleza jinsi kitenzi *kwisha* kilivyoweza kulihamia jokofu la umeme. Neno *gesi* lilikuwa moja, na mtu aliyezoea kujaza mtungi wa jikoni aliona ni jambo la kawaida kwamba jokofu nalo hujazwa. Lugha ilifanya ulinganisho, na ulinganisho ukapita bila kukaguliwa.

Madhara yake ni haya. Mwenye jokofu akiambiwa kwamba gesi imekwisha, haoni cha kuuliza, kwa maana kila kitu huisha. Hulipa, gesi hujazwa, barafu hurudi. Baada ya miezi michache huambiwa tena vivyo hivyo, na hulipa tena. Lakini akiambiwa kwamba gesi imevuja, swali la pili huja lenyewe: imevujia wapi? Na fundi naye huwajibika kulijibu kabla ya kufungua chupa ya gesi. Kitenzi kimoja kinafunga uchunguzi, na kingine kinaufungua.

Wala si kila jokofu lisilogandisha limepoteza gesi. Tunazitaja hapa hitilafu chache zinazochanganywa chini ya jina hilo moja. Gesi ikipungua, kompresa hufanya kazi bila kupumzika, na mara nyingi umande wa barafu huonekana kwenye sehemu tu ya mabomba ya ndani. Mabomba ya nyuma yakifunikwa na vumbi au yakibanwa ukutani, joto hukosa pa kutokea. Mpira wa mlango ukilegea, hewa ya nje huingia daima. Hili hupimwa kwa kubana karatasi mlangoni na kuona kama inatoka bila upinzani. Katika majokofu yenye feni ya ndani, barafu huweza kujaa nyuma ya ubao na kuzuia hewa baridi, hata sehemu ya juu ikawa baridi na ya chini ikawa vuguvugu. Umeme ukiwa mdogo, kompresa hujaribu kuanza, hulia "ta!", kisha hunyamaza.

Iliyo ngumu kuliko zote ni ya unyevu uliobaki ndani ya mabomba baada ya matengenezo ya haraka. Tone la maji huganda mwishoni mwa mrija mwembamba na kuuziba. Baridi hukoma, mrija hupata joto, tone huyeyuka, na jokofu huanza tena kana kwamba halikuwa na neno. Ni kama homa ya vipindi: fundi akiitwa humkuta mgonjwa mzima. Jokofu kama hilo likiongezewa gesi halitapona, kwa kuwa gesi yake imo yote.

Historia ya gesi hii haikuishia jikoni. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za namna ile, zikifika juu sana angani, huachia klorini ambayo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miali mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza upungufu mkubwa wa ozoni juu ya Antaktika, na mwaka 1987 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal, ambao makao ya sekretarieti yake ni Nairobi. Gesi ambayo wenye majokofu walisema imekwisha haikuwa imekwisha hata kidogo. Ilikuwa imehama.

Zikaja gesi nyingine. Ile inayojulikana kwa namba 134a haina klorini, na kwa hiyo taa ya mwali wa kijani haiioni. Fundi aliyeitegemea taa yake angeapa kwamba hapana tundu. Tangu mwaka 1993, kuanzia Ujerumani, yameenea majokofu ya nyumbani yenye isobutani, yenye namba 600a. Hutiwa gramu chache tu, lakini huwaka moto. Hapo mambo yamegeuka juu chini: mwali uliokuwa chombo cha kutafutia hitilafu sasa ni chanzo cha maafa. Neno *gesi* likisimama peke yake halimwambii fundi lolote kati ya haya. Namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa ndiyo inayomwambia, na namba hiyo haina budi kuingia katika kila tafsiri ya kitabu cha maelezo na katika kila risiti ya matengenezo.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, watu watofautishe *gesi ya kupikia* na *gesi ya kupozea*. Maneno haya mawili yameundwa kwa mtindo mmoja, ni mepesi kwa msemaji yeyote, na tofauti yake husikika mara moja. Ya kwanza huisha. Ya pili huvuja. Pili, mfasiri anapokuta maelezo yanayosema kwamba mtambo umepoteza gesi asiandike *imekwisha*, bali *imevuja* ikiwa sababu inajulikana, na *imepungua* ikiwa bado inachunguzwa. Tatu, waalimu wa shule za ufundi wawazoeze wanafunzi kuitaja hitilafu kwa kitenzi chake: kuvuja, kuziba, kuganda, kulegea, kupata joto. Vitenzi hivi vyote ni vya Kiswahili cha kila siku, na hapana hata kimoja kinachohitaji kuundwa.

Watumishi wa serikali nao wanahusika. Ofisi inayoandika katika hati ya malipo "kujaza gesi" mara tatu kwa mwaka kwa jokofu lile lile la zahanati imeandika, bila kujua, kwamba tundu halijatafutwa. Kama fomu ingekuwa na nafasi ya kujaza mahali gesi ilipovujia, mkaguzi angeona tatizo tangu hati ya kwanza, na chanjo zingesalimika.

Kazi ya istilahi mara nyingi hudhaniwa kuwa ni ya kuvipa majina vitu vigeni vinavyoingia nchini. Hiyo ni nusu ya kazi. Vitu hivyo huharibika, na siku vinapoharibika ndipo mwananchi anapohitaji neno sahihi kuliko siku alipovinunua.