Maduka ya Allidina Visram: Jumla na Rejareja

Wanaoandika habari za Allidina Visram hupenda kumtaja kwa pembe za ndovu. Nionavyo, nguvu ya biashara yake ilikuwa zaidi katika mchele, unga na chumvi. Alizaliwa Kachchh, Bara Hindi, mwaka 1851. Akaja pwani yetu mwaka 1863, angali mtoto, akajifunza biashara Bagamoyo, ambako Sewa Haji alikuwa akiipatia misafara bidhaa na wapagazi.

Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896, vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, nao walihitaji vyakula walivyovizoea. Allidina akafungua maduka kuifuata reli hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, na mengine katika Uganda. Mwenye duka dogo la rejareja hakuwa na fedha za kuagiza shehena kutoka ng'ambo. Allidina aliagiza kwa jumla, akamkopesha. Naye akalipa baada ya kuuza, pengine kwa mazao aliyoyapokea kwa wanunuzi wake, kama vile ngozi, nta na ufuta. Kwa hiyo bidhaa zilipanda bara na mazao yakashuka pwani, naye akapata faida pande zote mbili.

Lakini mikopo ya namna hii hutegemea kuaminiana, na aliyeaminiwa na wote alikuwa yeye mwenyewe. Alifariki mwaka 1916, katikati ya vita, na biashara ile kubwa haikudumu sana baada yake.