Chuma Kilichochoka na Mkazo Uliosazwa

Mafundi wametutangulia. Kabla mtaalamu yeyote wa istilahi hajakaa mezani, gereji zilikwisha kusema springi imechoka, gari limechoka, na kila mtu akaelewa. Kwa hiyo "uchovu wa metali" hatukuuazima. Wajerumani nao waliuona vivyo hivyo, na mmoja wao, August Wöhler, alitumia miaka katikati ya karne ya 19 kujaribu ekseli za mabehewa ya reli, akaonyesha kuwa mzigo mdogo ukirudiwarudiwa huvunja chuma ambacho kwa mara moja kingeubeba bila shida.

Nina shaka moja tu. Mtu aliyechoka hulala akaamka mzima. Ekseli ukiipumzisha mwaka mzima, ufa wake utaukuta palepale. Basi tuuweke uchovu mbali na jirani yake, uchakavu. Uchakavu huonekana kwa macho. Uchovu hukaa ndani ya ekseli inayong'aa mpaka siku inapokatika.

Kinachokichosha chuma ni "mkazo", yaani ile "stress" ya Waingereza, nao una wadai wengi. Wanaisimu wameupa silabi ya pili kutoka mwisho. "Msongo" wamekwisha kuuchukua wanasaikolojia, na tuwaachie. "Kanieneo", yaani kani juu ya eneo, lingefaa mno kwa maana, ila tumeshalipa gesi na vimiminika. Mimi nabaki na mkazo, kwa kuwa lugha imeuwekea kinyume chake tangu zamani: kinachokazwa hulegea.

Sasa lile gumu: mkazo unaokaa ndani ya metali hata mzigo ukishaondolewa. Vitabu husema "mkazo baki", wengine "masalia". Baki ni neno la hesabu: kumi toa saba, baki tatu. Halina mtendaji. Masalia yananuka makumbusho. Nasi tunalo "saza", lililotoka kwa "saa" yenye maana ya kubaki, kama "jaza" lilivyotoka kwa "jaa". Anayesema kula na kusaza anajua kuna aliyesaza. Na mkazo huu husazwa kweli: na nyundo, na moto, na kulehemu. Springi za lori hurushiwa gololi ndogo za chuma kwa kasi. Ngozi ya chuma hutaka kutanuka, kiini kikakataa, na ngozi ikabaki imebanwa. Ufa ukijaribu kufunguka hapo, unakuta umefungwa. Napendekeza "mkazo sazo".

Aina zake mbili hazihitaji majina mapya. "Mvuto" ni wa dunia, "mvutano" ni wa wanasiasa. Tuseme mkazo sazo wa kubana, unaozuia ufa, na wa kuvuta, ule unaoachwa kando ya mshono wa kulehemu, unaoupanua.

Limebaki jina la metali ambazo punje zake, yaani fuwele zinazoziunda, ni ndogo mno. "Nano" limetoka kwa Wayunani, kwao ni mbilikimo. Wapo watakaotaka "punje vibete". Mimi sitaki, kwani nano hapa ni kipimo, na kipimo hakitafsiriwi. Ila "punje" nalitetea dhidi ya "chembe", maana chembe imechoshwa na damu, atomu na mchanga. Metali ya punje-nano ni ile ambayo punje zake hazifiki nanomita 100. Punje ndogo hivyo hukawiza ufa kuzaliwa. Ukishazaliwa, mara nyingi hukimbia kwa wepesi zaidi kuliko katika punje kubwa. Ndiyo maana mkazo sazo wa kubana una kazi kubwa kwenye ngozi ya metali hizi.

Nao haudumu. Joto huupunguza, na mizigo ya kurudiarudia huumaliza polepole. Hapa wengine wameandika "kupumzika kwa mkazo". La! Mkazo haupumziki, hulegea, kama nati. Uitwe "mlegeo".

Mwenye neno linaloshinda "mkazo sazo" alilete, tulipime. Akija na "stresi baki", arudi nalo.