Mkazo wa oksidisho

nm [u-/i-] Hali ya seli ambamo molekuli kali zitokanazo na oksijeni huzidi uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, zikaharibu mafuta, protini na DNA. Molekuli hizo hutoweka upesi mno, hivyo watafiti hutafuta katika damu viashiria vyake: malondialdehaidi, ambayo ni masalia ya mafuta yaliyoharibiwa, au glutathioni, mojawapo ya vidhibiti. Tafiti nyingi za wagonjwa wa lupasi zimekuta malondialdehaidi ikiwa juu kuliko kwa watu wasio na ugonjwa huo.

Matumizi. Wapo wasemao *msongo wa oksidisho*. Si kosa la sarufi, ila msomaji hukimbilia msongo wa mawazo, na mgonjwa hudhani ameambiwa apunguze wasiwasi. *Mkazo* ni neno salama zaidi. Atakayelichanganya na shadda ya silabi ni mwanaisimu tu. Viashiria visiitwe *sumu*, kama wauzaji wa virutubisho wapendavyo: glutathioni ikipungua, msomaji atashangilia kwamba sumu imepungua, kumbe kilichopungua ni kidhibiti.

Tatizo zito limo katika jina la ugonjwa wenyewe. *Ugonjwa wa kinga* ni ufupisho wa hatari, kwa kuwa neno UKIMWI limeundwa kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Chukua Tunduma, mji wa Mkoa wa Songwe ulio mpakani mwa Zambia, ambako madereva wa malori hungoja kuvuka na elimu ya UKIMWI imetolewa kwa miaka mingi. Mwanamke wa huko akiambiwa ana ugonjwa wa kinga, atasikia UKIMWI, na waliomsindikiza watasikia hivyo hivyo. Kumwandikia *kinga imepungua* ni kosa juu ya kosa: katika lupasi kinga ipo, ila imemkosea adui, inamshambulia mwenyewe. Andika *ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili*, hata kama ni mrefu. Dawa zake ziitwe *dawa za kutuliza kinga*. *Kupunguza kinga* ni sahihi kimaana, lakini huamsha hofu ileile.

Mfano: *Damu ya mgonjwa huyu, ambaye kinga yake inaushambulia mwili, ina viashiria vya juu vya mkazo wa oksidisho.*

Taz. pia kingamwili, oksidisha, kiashiria.