Miaka 35 ya Walimu Wasiotahiniwa

Kuanzia mwaka 1935 hadi 1970, Uingereza ilimtahini mwanafunzi wa udereva bila kumuuliza mwalimu wake neno lolote. Leseni zilikuwapo tangu sheria ya magari ya mwaka 1903, lakini zilikuwa kama stakabadhi tu: unalipa shilingi 5, unapewa. Mwaka 1934 watu 7,343 walipoteza maisha barabarani, idadi ya kutisha kwa nchi iliyokuwa bado na magari machache kuliko ya leo, na chini ya waziri wa uchukuzi Leslie Hore-Belisha mtihani ukawa wa lazima tarehe 1 Juni 1935 kwa kila aliyeanza kuendesha tangu Aprili ya mwaka uliotangulia. Ada ilikuwa shilingi 7 na peni 6. Vituo vya mtihani havikuwapo, kwa hiyo mtahini alikutana na mtahiniwa stesheni ya treni au posta, na alipima watu 9 hadi 16 kwa siku. Kibao cha herufi L kinachoonekana hadi leo kwenye magari ya shule za udereva za Nairobi na Dar es Salaam kina asili yake katika utaratibu huo.

Mtihani huo ulibadilisha kazi ya ualimu kwa namna ambayo nadhani watunga sheria hawakuitafakari vya kutosha. Shule za udereva zilikuwapo kabla yake. British School of Motoring ilianzishwa London mwaka 1910, enzi ambazo mwanafunzi alijifunza kwa sababu alitaka kuliweza gari. Baada ya 1935 alikuja kutafuta cheti, na mwalimu akapata kishawishi kipya: kumkaririsha yale tu ambayo mtahini angeyatazama katika nusu saa, au kinyume chake, kumchelewesha ili aendelee kulipia masomo. Kisheria, aliyepata leseni jana aliweza kutundika tangazo leo na kuanza kutoza watu. Dola ilikuwa imeamini kwamba ukilipima zao, umemaliza kumpima mkulima. Hapo ndipo ilipokosea, kwa sababu kufaulu kwa mwanafunzi hakusemi alitozwa kwa haki au alionewa, wala hakuonyeshi atakavyoendesha usiku wa mvua akiwa peke yake.

Orodha ya walimu walioidhinishwa ilianzishwa mwaka 1964, kwa hiari, na waliotaka kuingia walifanya mtihani wa maandishi na wa vitendo. Tarehe 1 Oktoba 1970 usajili ukawa wa lazima kwa kila anayefundisha kuendesha gari kwa malipo. Wapinzani wa udhibiti wa namna hii wana hoja ya kusikilizwa: soko lingewaondoa walimu wabovu, maana mwanafunzi asiyeridhika huhama. Lakini anayejifunza hana kipimo cha kumlinganishia mwalimu wake, na akishapata leseni harudi tena dukani. Biashara ambayo mteja huja mara moja maishani, akiwa hajui anachonunua, haiwezi kusafishwa na wateja wake. Hoja nyingine ni nzito zaidi. Mzazi au rafiki bado anaruhusiwa kufundisha bure, alimradi awe na umri wa miaka 21 na amekuwa na leseni kwa miaka 3. Basi kwa nini kumbana anayelipwa? Jibu langu ni kwamba anayelipwa ameuza dhamana. Mzazi anajulikana na mtoto wake. Mwalimu ni mgeni anayepewa nafasi ya kukaa na mtu ndani ya chumba kidogo chenye milango iliyofungwa, akiamua waende barabara ipi na wasimame wapi.

Ndiyo maana kigezo ninachokithamini kuliko vyote katika sheria ya usajili ni kile kinachodai kwamba msajiliwa awe mtu wa mwenendo unaofaa, mbali na ustadi wake wa gia na breki. Wapo wanaolalamika kwamba maneno hayo ni mapana mno na yanampa msajili rungu. Upana huo ni wa kweli, lakini aliyefutwa anaweza kukata rufaa mbele ya baraza huru, na usajili wenyewe huhuishwa kila baada ya miaka 4. Tena upana huo una kazi. Sheria ya mwaka 2022 ilipopanua kosa la kutumia vibaya nafasi ya uaminifu kwa kufanya mapenzi na vijana wa miaka 16 na 17, iliwaongeza makocha wa michezo na viongozi wa dini, ikawaacha walimu wa udereva, ingawa Waingereza wengi huanza kujifunza gari wakiwa na miaka 17. Mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wa umri huo anaweza basi asiwe ametenda jinai, lakini msajili anaweza kumfuta kwa kukosa mwenendo unaofaa, na akishafutwa, kufundisha kwa malipo kunakuwa kosa la jinai.