Torpedo tisa ziligonga, hata moja haikulipuka

Tarehe 24 Julai 1943, magharibi mwa kisiwa cha Truk katika Bahari ya Pasifiki, nyambizi ya Marekani iitwayo Tinosa iliikuta meli kubwa ya Kijapani, Tonan Maru No. 3. Ilikuwa meli ya kuchakata nyangumi iliyogeuzwa kubeba mafuta, yenye tani zaidi ya 19,000. Kamanda wa Tinosa, Lawrence Daspit, alirusha torpedo nne kutoka mbali. Mbili ziligonga na meli ikasimama. Akarusha mbili nyingine, nazo zikagonga.

Meli ilikuwa imesimama, haina ulinzi, na muda upo. Daspit akasogea hadi mita 800 hivi, akajipanga ubavuni mwa meli kwa pembe ya nyuzi 90, yaani mkao ule unaochorwa kwenye vitabu vya mafunzo. Akarusha torpedo moja, akaitazama kwa periskopu ikigonga. Kimya. Akarusha ya pili, kimya. Alirusha tisa kwa jumla, moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyolipuka. Ya mwisho hakuirusha. Alirudi nayo kambini, Pearl Harbor, ili wataalamu waifungue waone kuna nini.

Wataalamu walipoifungua hawakuona kasoro yoyote.

Sasa jiulize, msomaji: ukiwa na kifaa kinachoshindwa kazi, na kila ukikifungua unakikuta kizima, utaanzia wapi?

Kwanza, torpedo inalipukaje?

Torpedo ni kama nyambizi ndogo isiyo na mtu. Hii ya Mark 14 ilikuwa na urefu wa mita 6 na ushei, uzito wa karibu tani moja na nusu, na ilikimbia kwa noti 46, sawa na kilomita 85 kwa saa. Kichwani ilibeba kilipuzi kingi, lakini kilipuzi hicho hakiwaki hovyo, kinahitaji kuamshwa. Kazi ya kukiamsha ni ya fataki, kidonge kidogo chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Anayeigonga ni pini inayosukumwa na springi.

Ni kanuni ileile ya risasi ya bunduki. Pini ikipiga fataki kwa nguvu, moto unawaka. Ikipiga kwa upole, unabaki na alama ndogo ya kidonyoo kwenye fataki na mlio wa "tik" tu. Umewahi kupitisha njiti ya kiberiti taratibu mno kwenye ganda lake? Njiti ni nzima, ganda ni zima, lakini moto hakuna. Kilichokosekana ni nguvu ya pigo.

Kasoro tatu zilizofichana

Daspit hakuwa wa kwanza kulalamika. Tangu Desemba 1941, Marekani ilipoingia vitani, makamanda wa nyambizi walikuwa wakirudi na hadithi zilezile: tumelenga vizuri, torpedo zimepita au zimegonga, na meli imeenda zake. Ofisi ya silaha ya jeshi la maji ilikuwa na jibu moja: mnalenga vibaya.

Kumbuka jibu hilo lilitoka kwa watu ambao kifaa chao cha kulipulia, Mark 6, kilitengenezwa kwa siri kubwa huko Newport, Rhode Island, na kilikuwa kimejaribiwa kwa mlipuko wa kweli mara mbili tu, mwaka 1926, dhidi ya nyambizi kuukuu iitwayo L-8. Torpedo moja ilipita chini bila kulipuka, nyingine ikalipuka. Basi, wakaridhika. Torpedo moja iligharimu kama dola 10,000, na bajeti za miaka ile zilikuwa finyu.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ya kina. Juni 1942, Admirali Charles Lockwood, aliyesimamia nyambizi zilizokuwa Australia, aliamua kupima mwenyewe. Alinunua wavu wa wavuvi, akautandaza baharini karibu na mji wa Albany, Australia Magharibi, na nyambizi Skipjack ikarusha torpedo kwenye wavu huo. Torpedo iliyopangwa ipite futi 10 chini ya maji ilitoboa wavu kwenye futi 25. Kipimo cha kina kilikuwa kimewekwa sehemu ya nyuma ya torpedo, ambako maji yanayopita kwa kasi hupunguza shinikizo, kwa hiyo torpedo ilijidhania iko juu na ikazidi kuzama. Ofisi ilibisha, lakini mwezi Agosti ikakubali kwamba torpedo zilipita futi 10 chini ya kina kilichopangwa.

Kina kikarekebishwa, na kasoro ya pili ikajitokeza. Mark 6 ilikuwa na kihisio cha sumaku kilichotakiwa kulipua torpedo inapopita chini ya mkuku wa meli. Lakini uga wa sumaku wa dunia haufanani kila mahali, na wa Newport si sawa na wa karibu na Ikweta. Torpedo nyingi zikalipuka kabla ya kufika. Tarehe 24 Juni 1943, Admirali Chester Nimitz aliamuru kihisio hicho kizimwe katika nyambizi za kikosi chake.

Kikabaki kifaa cha kugonga peke yake. Hapo ndipo kasoro ya tatu ilipokosa pa kujificha. Tinosa ilikutana na Tonan Maru mwezi mmoja tu baada ya amri hiyo.

Kupiga mwamba

Lockwood sasa alikuwa Pearl Harbor, Hawaii. Charles Momsen, ofisa aliyejulikana kwa kuwaokoa mabaharia wa nyambizi Squalus mwaka 1939, alikuja na wazo rahisi hadi linachekesha: turushe torpedo kwenye jabali mpaka moja igome, kisha tuiokote.

Tarehe 31 Agosti 1943, nyambizi Muskallunge ilirusha torpedo tatu kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe. Mbili zililipuka. Ya tatu iligonga ikanyamaza. Wapiga mbizi wakaitafuta chini ya maji, ikavutwa juu (hebu fikiria kuinua kilipuzi cha kilo zaidi ya 250 ambacho hujui kwa nini hakijalipuka), na kifaa kikafunguliwa. Kumbe pini ilikuwa imefyatuka, imesafiri, imefika kwenye fataki, na imegonga. Ila kwa upole mno.

Hii ndiyo sababu torpedo ya Daspit ilionekana nzima. Ikiwa imekaa mezani, ilikuwa nzima kweli. Kasoro yake ilizaliwa katika ile sekunde ndogo ya kugonga, na huwezi kuiona bila kugongesha.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupima kwa wingi. Walichukua vichwa vya torpedo visivyo na kilipuzi, wakavifunga vifaa vya kulipulia, wakaviinua kwa kreni hadi mita 27 na kuviachia vidondoke kwenye bamba la chuma. Kwa nini mita 27? Piga hesabu ya kidato cha tatu: kasi ya kitu kinachodondoka ni kipeuo cha pili cha (2 × 9.8 × 27), ambacho ni kama mita 23 kwa sekunde. Noti 46 ni mita 23.7 kwa sekunde. Walipata kasi ya torpedo kamili bila kurusha hata moja.

Matokeo: bamba likiwa limekaa sawasawa, pigo la nyuzi 90, asilimia 70 ya vifaa viligoma. Bamba likilazwa mshazari, idadi ya vilivyogoma ilipungua kwa nusu. Yaani kadiri kamanda alivyolenga vizuri, ndivyo torpedo yake ilivyozidi kushindwa. Zile za kwanza za Daspit, za kutoka mbali, zilisimamisha meli. Zile tisa zilizokaa vizuri ndizo zilizogoma zote.

Kwa nini pini ilipiga kwa upole?

Fikiria komeo la geti. Geti likiwa limetulia, komeo linateleza kwa kidole. Sasa mtu aliegemee geti kutoka nje, kisha ujaribu kulisukuma komeo. Linakwama. Hujabadilisha komeo, ila limebanwa ubavuni na msuguano umeongezeka.

Pini ya Mark 6 ilisafiri kwa kukingama na mwendo wa torpedo, ikiongozwa na vijiti vya pembeni. Torpedo ikigonga chuma, inasimama ghafla, lakini pini, kwa sababu ya inesha, bado inataka kwenda mbele. Inabanwa kwenye vijiti vyake, kama lile komeo.

Tupige hesabu ya makadirio. Chukulia torpedo inasimama ndani ya sentimita 6. Kutoka mita 23.7 kwa sekunde hadi sifuri katika umbali huo, mchapuko wake ni karibu mara 480 ya mvuto wa dunia. Pini yenye gramu 200, tuseme, ingejibana kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 96. Springi ndogo inatakiwa kuisukuma hapohapo. Isitoshe, mtambo huu ulirithiwa kutoka torpedo za zamani zilizokwenda polepole. Mark 10 ilikwenda noti 36, na kwa kuwa mchapuko huo hukua kwa mraba wa kasi, kuruka hadi noti 46 kuliuongeza kwa zaidi ya asilimia 60. Kasi iliboreshwa, pini ikaachwa ilivyokuwa.

Suluhisho lilitoka kwenye hesabu hiyohiyo. Nguvu ya kubana inategemea masi ya pini, ilhali nguvu ya springi haitegemei. Basi punguza masi. Karakana za Pearl Harbor zikatengeneza pini nyepesi za aloi ya alumini, na inasimuliwa mara nyingi kwamba baadhi zilichongwa kutoka kwenye mapanga ya ndege za Kijapani zilizoangushwa hapohapo bandarini. Mwezi Septemba 1943, miezi 21 tangu vita ianze, torpedo zenye pini hizo zilianza kwenda baharini.

Tunabaki na nini?

Sielezi haya ili kushangilia meli kuzama. Meli zilizolengwa zilikuwa na mabaharia ndani, na Tonan Maru yenyewe ilizamishwa Truk mwaka uliofuata. Ila upande wa pili pia kulikuwa na vijana waliotumwa mbele ya adui na silaha isiyofanya kazi, na waliporudi wakaambiwa kosa ni lao. Wajerumani nao walipitia hayohayo pwani ya Norway mwaka 1940, hadi maofisa wao wa torpedo wakafikishwa mahakama ya kijeshi.

Mimi na wewe hatutengenezi torpedo. Lakini tunatengeneza pampu, programu, dodoso, vipimo vya maabara. Siku mtumiaji akikwambia kifaa chako kinagoma, usimjibu kwa kukifungua mezani na kumwonyesha kiko sawa. Muulize kinagoma lini. Kwenye mashua za Lockwood jibu lilikuwepo muda wote ndani ya ripoti za makamanda: kinagoma tukilenga vizuri. Na ukirekebisha kasoro moja tatizo likabaki, usidhani umekosea kuirekebisha. Huenda kuna nyingine ilikuwa imejificha nyuma yake. Rudi upime tena.