Ngoma Ndogo na Chumba Chake: Kubana na Kuvumisha Sauti Katika Rekodi Zetu

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Tangu siku hizo mengi yameandikwa juu ya nyimbo zetu: maneno yake, mafunzo yake, na watu waliozitunga. Machache sana yameandikwa juu ya sauti yenyewe, yaani namna ngoma na magitaa yalivyopita ndani ya mitambo kabla ya kumfikia msikilizaji. Hata hivyo, kazi ya mitambo hiyo ni sehemu ya historia ya muziki kama ilivyo kazi ya mtunzi. Katika makala haya tunakusudia kueleza vyombo viwili vya studio, kile kinachobana sauti na kile kinachoivumisha, na kuonyesha kwamba anayechagua mvumo wa ngoma huchagua pia mahali ambapo wimbo utasimama. Darasa letu litakuwa wilaya ya Kilosa, pamoja na Mikumi iliyo ndani yake.

Mji wa Kilosa uko chini ya milima. Magharibi yake mto Mkondoa hutoka katika bonde jembamba, na reli ya kati hufuata bonde hilo kuelekea Dodoma. Mtu akipiga ngoma pigo moja akiuelekea mlima, pigo hurudi. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo mlima ulio umbali wa mita 170 huirudisha sauti baada ya sekunde moja kamili. Huo ndio mwangwi. Lakini akiingia darasani, ukuta ulio umbali wa mita tano huirudisha sauti baada ya sehemu tatu tu za mia za sekunde. Sikio haliwezi kutenganisha pigo na marejeo yake. Yote huungana na kuwa mkia mmoja unaofifia. Mkia huo tutauita mvumo. Mafundi wa studio huuita rivabu.

Sasa tupande tawi la reli litokalo Kilosa hadi Kidatu, tushuke Mikumi. Hapa, kwenye uwanda wa Mkata, ambapo hifadhi ya taifa ilianzishwa mwaka 1964, nyasi hunyonya sauti na hakuna ukuta wa kuirudisha. Pigo lile lile hutoka, likaenda, lisirudi. Mpigaji ni mmoja, ngoma ni moja, lakini kijana aliyefumba macho atajua kwamba amehamishwa. Basi sikio hutambua mahali kabla ya kutambua maneno. Msingi huu ndio utakaotuongoza hadi mwisho.

Ngoma tunayoizungumzia zaidi ni ile ndogo yenye nyuzi za waya zilizokazwa chini yake, ambayo wapiga dramu huiita snea. Haikuzaliwa kwetu, ilikuja na bendi za kijeshi za wakoloni. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, iliiga bendi hizo kwa tarumbeta, kwa mavazi na kwa vyeo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliieneza bara, na baadaye ikafuata miji ya reli na mashamba ya mkonge. Kilosa ilikuwa na vyote viwili, reli na mkonge, na wafanyakazi wa makabila mengi walikutana huko na wenyeji Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Hivyo chombo cha kutoa amri za gwaride kiligeuzwa kuwa chombo cha kuchezea. Wageni walileta ngoma, wenyeji wakaamua ichezweje.

Kisha zikaja bendi za dansi. Mjini Morogoro, makao makuu ya mkoa, kulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, na Morogoro Jazz iliyomlea Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikwenda na bendi hiyo katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Nchini kwetu bendi zilirekodiwa zaidi na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965. Waliotaka sahani za santuri walikwenda Kenya, kwa sababu viwanda vya kuzitengeneza vilikuwa huko. Na mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu.

Katika studio ya redio bendi nzima ilipiga pamoja, kwa maikrofoni chache, na kanda ikachukua yote kwa mara moja. Hapakuwa na nafasi ya kuiondoa snea baadaye na kuifanyia kazi peke yake. Kama ngoma ilizidi, mpigaji alipunguza mkono au alisogezwa nyuma. Kama mwimbaji hakusikika, alisogea mbele. Mvumo uliosikika ulikuwa wa chumba kile kile walichosimama. Ndiyo maana katika rekodi nyingi za wakati ule ngoma husikika nyuma ya magitaa na waimbaji, kama ilivyokaa. Hatusemi kwamba utaratibu huo ulichaguliwa kwa hekima tupu. Uhaba wa vifaa nao ulikuwa na sehemu yake. Lakini uhaba huo ulifundisha adabu: uwiano wa sauti ulikuwa kazi ya wanamuziki wote, si ya fundi mmoja.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba msikilizaji wa Kilosa alipata sauti isiyoguswa. Mtambo wa redio wa masafa ya kati hauwezi kubeba sauti kupita kipimo chake, ikizidi, hukwaruza. Kwa sababu hiyo vituo vya redio huweka kati ya studio na mnara kifaa cha kuzuia sauti isivuke mpaka. Wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Wahandisi waliweka kifaa cha kuizuia isifike huko. Basi kubanwa kwa sauti kulifika vijijini zamani, kwa njia ya redio, kabla studio za vijana hazijakuwapo.

Kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa upole zaidi huitwa kompresa. Ili tukielewe, tumfikirie mzee aliyekaa barazani na redio yake, mkono ukiwa kwenye kitufe. Mtangazaji akipaza sauti, mzee hupunguza. Akinong'ona, mzee huongeza. Kompresa ni mkono huo. Na tofauti kubwa kati ya kompresa moja na nyingine ni wepesi wa mkono.

Tulinganishe chache zilizopata sifa duniani. Fairchild 670 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1959, ilikuwa na valvu 20 na uzito wa karibu kilo 30. Ilithaminiwa kwa kubana muziki mzima kwa ulaini. LA-2A ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 hutumia mwanga: sauti huwasha taa ndogo, na kipande kinachohisi mwanga huo hupunguza sauti. Mkono wake ni mzito. Huchukua kiasi cha sehemu 10 za elfu za sekunde kuanza kazi, na huachia polepole. Ndiyo sababu huifaa sauti ya mwimbaji. Kinyume chake ni 1176, aliyoitoa Bill Putnam mwaka 1967, inayotumia transista. Hiyo yaweza kuanza kazi ndani ya sehemu 20 za milioni za sekunde, yaani mara 500 upesi zaidi. Miaka ya 1970 ikaja dbx 160, ndogo na nyepesi, ambayo wengi waliipenda kwa ngoma.

Tofauti hizi hudhihirika mara zikiwekwa kwenye snea. Mlio wa kijiti kugonga ngozi hupita ndani ya sehemu chache za elfu za sekunde. Kompresa yenye mkono mzito huchelewa: kijiti kimekwisha kugonga ndipo inaposhuka, hivyo mgongo hubaki wazi na mlio wa nyuzi ndio hubanwa. Yenye mkono mwepesi hukikamata kijiti chenyewe, ngoma ikapoteza makali, na ikiachia upesi huunyanyua mkia unaofuata. Kwa hiyo swali la kompresa ipi ni bora halina jibu mpaka tujue tunataka kusikia nini: kijiti, au nyuzi na chumba.

Mvumo nao una historia yake. Mwaka 1947 huko Chicago, Putnam huyo huyo alitumia bafu kama chumba cha mvumo, akipeleka sauti humo kwa spika na kuirudisha kwa maikrofoni. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilitoa EMT 140, bamba jembamba la chuma lililoning'inizwa ndani ya sanduku kubwa na kutikiswa na sauti. Zikawapo pia springi, ambazo ziliwekwa sana katika vipaza sauti vya magitaa. Mwaka 1976 EMT hiyo hiyo ikatoa mtambo wa kukokotoa mvumo kwa tarakimu. Kila njia ina tabia yake: bamba hung'aa na kujaa upesi, springi hutetema, chumba halisi huleta kina.

Mwaka 1980 vyombo hivi viwili viliunganishwa mjini London kwa namna iliyosikika dunia nzima. Katika albamu ya tatu ya Peter Gabriel, fundi Hugh Padgham alichukua dramu za Phil Collins pamoja na mvumo wa chumba, akaubana kwa nguvu, kisha akaukata ghafla kama mtu afungaye mlango. Ngoma ikasikika kubwa kama ukumbi lakini fupi kama kofi. Katika miaka ya 1980 sauti hiyo ilienea mno, na wengi waliiiga bila kujua imetoka wapi.

Mwanafunzi atauliza: mvumo wa snea uchaguliwe vipi? Kanuni ya kwanza ni hesabu. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Kama snea hupigwa kwenye pigo la pili na la nne, kati ya snea na snea kuna sekunde moja. Mvumo wa sekunde mbili utafunika pigo linalofuata, na magitaa ya dansi yetu, ambayo hujibizana katika nafasi hizo, yatazama. Kanuni ya pili ni mpangilio: ukibana ngoma kabla ya kuivumisha, mkia hubaki wa asili, ukivumisha kwanza na kubana baadaye, mkia huinuka na chumba huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kanuni ya tatu haina hesabu: wimbo huu unachezwa wapi?

Swali hilo la tatu ndilo lililo hatarini kusahauliwa. Mwaka 1980 Roger Linn wa Marekani alitoa LM-1, mtambo wa kwanza kuuzwa uliotumia milio ya dramu halisi iliyorekodiwa kwa tarakimu. Tangu hapo ikawezekana kununua snea bila mpigaji. Muziki wa kizazi kipya ulikua pamoja na vifaa hivyo, na matunda yake hatuyakani. Albamu ya Joseph Haule, yaani Professor Jay, iitwayo Machozi, Jasho na Damu, iliyotengenezwa na P-Funk Majani wa Bongo Records mwaka 2001, iliwapa vijana lugha ya kuihoji jamii yao. Na msanii huyo baadaye akawa Mbunge wa Mikumi, mwaka 2015 hadi 2020. Lakini mlio ulionunuliwa mara nyingi huja umekwisha kubanwa na kuvumishwa. Kijana wa Kilosa anayeuchagua hajachagua ngoma tu. Amechukua pamoja nayo chumba cha watu asiowajua, katika mji asioufahamu.

Wako watakaosema kwamba haya ni maendeleo, na kwamba mvumo hauna taifa. Tunakubali kwamba chombo hakina kosa. Beni ilitufundisha kwamba cha mgeni chaweza kuwa chetu. Lakini beni ilikuwa yetu kwa sababu wachezaji walikigeuza walichopokea. Kupokea bila kugeuza ni kuazima tu.

Jambo hili lina uzito zaidi tukifikiria kanda za zamani za redio ya taifa. Kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu, na kuzihamishia kwenye tarakimu ni wajibu usiongoja. Kishawishi kitakuwapo cha kuzibana ili zishindane kwa ukubwa wa sauti na nyimbo za leo, na kuziongezea mvumo ili ngoma isogee mbele. Atakayefanya hivyo ataondoa ushahidi wa chumba kile na wa mkono wa mpigaji aliyejizuia kwa ajili ya mwenzake. Nakala ya kwanza na ihifadhiwe kama ilivyo. Anayetaka kuipamba na aipambe nakala ya pili.

Walimu wanaweza kulianza somo hili bila mtambo wa gharama. Wawapeleke wanafunzi wakapige ngoma moja mahali patatu: mbele ya mlima wa Kilosa, darasani, na uwandani Mikumi nje ya hifadhi. Warekodi kwa simu, kisha wasikilize wakiwa wamefumba macho na kutaja kila mahali. Watakaoweza kufanya hivyo watakuwa tayari kugusa kompresa na rivabu, kwa kuwa watajua wanauweka wimbo wao mahali gani.